Kiti kwenye Bodi ya Chuo

Wakati ule wa mkoloni, treni ya asubuhi kutoka Dagoretti ilitupakia daraja la tatu pamoja na kuku. Mbele yangu aliketi Gerishon, mwenye shamba Kawangware. Alikuwa amesomewa sheria mpya ya vyuo na hakutaka kukasirika peke yake.

"Mawe ya chuo chetu cha walimu tuliyabeba mgongoni," alimwambia Suad, mama wa Kinubi aliyepandia Kibra na makawa yake ya kufunikia chakula, ya kuuza. "Leo wanasema anayeketi kwenye bodi lazima awe na cheti cha chuo. Cheti tungekitoa wapi? Chuo hakikuwepo, ndiyo maana tukakijenga!"

"Kabila lenu limetengewa kiti kwenye bodi, baba, hata kama wewe hukikalii. Sisi Wanubi hatuna, tunaambiwa kwetu ni Sudani, na mimi hata njia ya kwenda huko siijui. Na mwanangu anasoma chuoni humo humo!"

Gerishon hakuwa na nafasi ya hasira ya mtu mwingine. "Jumatatu kila mzazi amtoe mwanawe chuoni!"

"Wangu hatoki ng'o! Mkiwatoa wote, hicho cheti cha kukaa kwenye bodi atakipata nani?"

Behewa zima likamgeukia Gerishon. Hata kuku, nadhani.

"Na siku akikipata," alisema, sauti imeshuka, "unafikiri sheria hawataibadilisha tena?"

Suad alifungua kinywa, lakini treni ilikuwa imesimama Nairobi. Akajitwika makawa yake. Wakashuka kila mtu na hasira yake, mimi na ya wote wawili.