Kutu ya Mirihi na Geti la Mama Mkwe

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea mageti. Asubuhi ile kahawa ilikuwa ya moto na Cheche hakuwa na raha hata chembe. Geti alilomtengenezea mama mkwe, tena kwa mbwembwe zote, lilikuwa limeota kutu juu mpaka chini, na mama mwenyewe alikuwa njiani kuja kumuuliza. Bahati nzuri pale benchini alikuwepo Redio, mtu wa taarifa zote, zilizoombwa na zisizoombwa.

— Usijipe presha, alisema Redio. Mirihi unaijua? Sayari jirani yetu? Ule wekundu wake ni kutu.

— Acha fiksi!

— Nimesikia kwa masikio yangu. Vumbi lake lina chuma, na chuma kimeshika kutu. Sayari nzima!

Cheche akahisi moyo unarudi mahali pake. Kama sayari nzima imeshindwa, geti ni nani?

— Kutu bila maji inatoka wapi? aliuliza Kinyozi wa jirani, kitana kikiwa sikioni.

— Zamani yalikuwepo. Sasa ni baridi kali na hewa kiduchu.

— Hewa ilivuja! alisema Kinyozi. Si umesema juzi kuna mlima huko unaupita ule mrefu kuliko yote duniani mara mbili? Basi ulitoboa paa.

— Na uzito je? Huko unabaki na theluthi na kidogo. Wewe na hilo tumbo ungeruka kama panzi.

— Ndo maana maji yalipeperuka! Unaacha ndoo uani, unaikuta kwa jirani.

— Na kutu ikapepea nayo, alidakia Cheche, ikaja kutua kwenye geti la mama!

Wakagonganisha viganja kwa furaha. Hapo hapo mama mkwe akatokea, wote wakasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, baba. Geti langu limekuwaje?

Cheche akaeleza yote, jasho likimtoka. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Kumbe. Na hiyo sayari ina umri gani?

— Mabilioni ya miaka, mama! alijibu Redio, kifua mbele.

— Na geti langu?

Redio akainamia kikombe. Kinyozi akakumbuka ana mteja. Jibu lilikuwa miezi minne. Mama mkwe akaangua kicheko, na kicheko kile kilimtia Cheche aibu kuliko kama angegombezwa.

— Chukua msasa, baba, twende.