Kishikio cha Thelathini na Saba

Kijiwe chetu kiko pembeni, unapotoka Makadara na kuanza kuingia vichochoro vya Mji wa Kale: benchi moja la mbao lililokatika mguu likatiwa tofali, jiko la makaa, na Ngumbao, muuza kahawa, ambaye hataki mjadala lakini husikiliza wote. Wa kila siku tuko wanne. Yuko Tsuma, tumwitaye Winchi, kwa kuwa anaendesha mtambo wa kupakua makontena Kilindini na kwake kila jambo la dunia lina tani zake. Yuko Riyadh, tumwitaye Setilaiti, fundi wa madishi ya televisheni, asiyeamini kitu kisichokuwa na mawimbi. Yuko Mzee Jamaldin, karani mstaafu. Na niko mimi, ambaye jina langu la kijiweni silitaji kwa sababu silipendi.

Siku hiyo baada ya alasiri Jamaldin alikuja vidole vimekakamaa, hata kikombe kilimshinda. Maradhi yenyewe tuliyajua. Tangu mkewe, Bi Mejumaa, alipofariki mwezi wa Rajabu, mzee alishika sindano ya kulabu ya marehemu akaanza kufuma vishikio vya sufuria, vile vitambaa vinene vya kuepulia chungu usiungue. Kufuma kwenyewe si aibu, wanaume wa mji huu wameshona kofia vibarazani tangu lini. Balaa lilikuwa kubadilishana.

Marehemu alikuwa katika kundi la wafumaji la kwenye simu, na sharti la kundi ni dogo tu. Unapangiwa mwenzako, unampelekea kitu kimoja cha mkono wako, naye anakuletea kimoja, basi, mmemaliza. Bi Mejumaa alikuwa amepangiwa mama mmoja wa Kizingo aitwaye Nabiha. Alipofariki, Jamaldin akapeleka kishikio yeye, kwa kumtuma mtu na kwa jina lake, bila kutaja msiba. Nabiha akaleta chake. Hapo ndipo palipoharibika, maana mtu aliyelelewa hapa, jirani akimletea sahani ya vitumbua, hairudishi tupu. Jamaldin akaona kile kishikio ni sahani. Akarudisha kingine. Nabiha naye kalelewa kisiwa hiki hiki. Akarudisha. Wakarudishiana hivyo mpaka kila mmoja akatimiza thelathini na sita, na cha thelathini na saba kilikuwa mkononi mwa Jamaldin, nusu, sindano ingali imo.

Asubuhi ile msimamizi wa kundi alikuwa amemwandikia: mmoja wenu akome leo, au nawatoa wote wawili.

— Nikikoma mimi, akasema Jamaldin, nimekula sahani ya watu nikakaa nayo. Nisipokoma, natolewa kundini kwa marehemu. Niambieni nifanyeni.

Kama kuna watu wasiofaa kuombwa shauri hapa mjini, ni sisi.

Winchi: Kwanza hesabu. Kimoja kina gramu ngapi?

Jamaldin: Labda themanini.

Winchi: Basi kwa mwendo huu miaka kumi haipiti, Kizingo itakuwa nzito kuliko Mji wa Kale. Kisiwa kitainama. Meli hazitaweza kufunga gatini. Nasema kama mtu wa bandari.

Mimi: Wasema kama mtu aliyekunywa vikombe sita.

Setilaiti: Kisiwa hakiinami. Tuangalie rangi. Cha kwanza alicholeta kilikuwa rangi gani, mzee?

Jamaldin: Kijani na cheupe.

Setilaiti: Na cha pili?

Jamaldin: Chekundu.

Setilaiti: Ishara hiyo. Huyo mama hafumi, yuwarusha mawimbi. Kishikio ni duara. Dishi ni duara. Fikirini wenyewe.

Winchi: Vitumbua navyo ni duara.

Setilaiti: Na wewe wadhani ni kwa nini vitumbua vyapendwa hivi?

Ngumbao, ambaye kusema kwake ni mara moja kwa wiki, akainua kichwa kutoka jikoni.

— Mie nimepawa kumi na kimoja, akasema. Dele langu la kahawa lina mkono mmoja.

Na kweli, vile vishikio vilikuwa vimeenea. Paka wa Jamaldin alilalia vinne. Madirisha yake yalizibwa kwavyo yasipige kelele kukivuma upepo. Winchi alikalia kimoja huko juu kwenye mtambo wake. Mahali pekee ambapo hakikuonekana hata kimoja ni jikoni kwa Jamaldin mwenyewe, maana mzee hajabandika sufuria tangu afiwe. Anakula mahamri yetu.

Winchi: Nimepata. Huyo si mtu mmoja. Ni wanawake arobaini, wafuma kwa zamu, na mlangoni pana king'ora.

Setilaiti: Ama yuwakurudishia vile vile vyako.

Jamaldin: Hapana. Mkono wa mtu naujua. Wake ni wa subira, lakini akifika ukingoni hulegeza.

Alilisema hilo taratibu sana, akaendelea kufuma. Hatukulitia maanani.

Setilaiti: Basi dawa ni moja. Tutangaze umekufa.

Jamaldin: Nife?

Setilaiti: Kidogo tu. Mpaka Jumatatu. Nani atamdai maiti sahani?

Winchi: Yakhe, hujui watu wa hapa! Atakuja matangani na vishikio hamsini vya kuwapa pole wafiwa. Na wafiwa ni nani? Si sisi? Tutamrudishia nini?

Setilaiti: Nasi tufe.

Mimi: Kijiwe kizima?

Setilaiti: Ngumbao abaki. Kahawa itauzwa na nani?

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Kisha nikaona haya. Tulikuwa tunataja matanga mbele ya mtu aliyefiwa miezi minne iliyopita, naye hakuwa amecheka. Alikuwa akifuma kwa vile vidole vyake vibovu, polepole, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa mstari. Nikajua, na nakasirika na nafsi yangu kwamba nilichelewa kujua, kuwa mzee hakuwa akiogopa kuitwa asiye na adabu. Aliogopa kumaliza. Mikono ikibaki mitupu atarudi kwenye nyumba ile akafanye nini?

Hapo tuktuk ikasimama. Akashuka mama mmoja wa makamo, buibui safi, mkoba kwapani. Akasimama kando kwa heshima.

— Assalam aleikum, wenye baraza.

— Wa aleikum salaam, tukaitikia, tukainuka.

— Samahanini. Nyumba ya Bwana Jamaldin ni ipi?

Sijui Setilaiti alipatwa na nini.

— Amekufa, akasema.

— Inna lillahi, akasema yule mama. Kisha akaiona sindano mikononi mwa marehemu, na kishikio kikining'inia. Akamtazama Setilaiti kwa muda, namna mama anavyomtazama mtoto aliyekojoa mkekani mbele ya wageni. Setilaiti akajificha nyuma ya Winchi.

— Mimi ni Nabiha, wa Kizingo, akamwambia Jamaldin. Leo sikuleta kitu, usishtuke. Nina swali moja tu.

Akatoa mkobani kishikio cha buluu kilichochakaa kidogo.

— Hiki ndicho cha kwanza ulichoniletea. Mimi nafuma miaka ishirini, hili halinipiti. Kimeanzwa na mtu, kikamalizwa na mtu mwengine. Huku mishono imebana, hata tundu la kupitisha pini hulioni. Huku imelegea, na hapa umeruka mshono. Vilivyofuata vyote ni mkono huu wa kuruka. Nikawa narudisha, nikisema hiki sasa atanijibu yule wa kwanza. Nikarudisha, nikarudisha. Aliyekianza yuko wapi?

Mimi nilikuwa nimeambiwa, na Winchi ameambiwa, na mtaa mzima umeambiwa, kwamba daktari ndiye aliyemwamrisha mzee kufuma ili kunyoosha vidole. Hakuna aliyejua kwamba Bi Mejumaa aliacha kishikio nusu, na sindano ndani yake.

Jamaldin alikichukua. Akakipapasa mstari kwa mstari mpaka kidole kikasimama mahali.

— Hapa, akasema. Hapa ndipo alipofika.

Bi Nabiha alielewa. Alimwombea marehemu rehema, nasi tukaitikia amina, na sauti ya Setilaiti ilisikika zaidi ya zetu zote. Akarudisha kile cha buluu mkobani, taratibu, akaaga.

— Ngoja, akasema Jamaldin. Huendi mikono mitupu.

Akamnyooshea cha thelathini na saba, nusu vile vile.

— Mie nimefika hapa. Kimalize wewe.

— Na sindano? Hii si yake?

— Ni yake. Utairudisha.

Bi Nabiha akaipokea kwa mikono miwili. Alipoingia kwenye tuktuk, tulimwona keshaanza mshono kabla dereva hajawasha.

Setilaiti alishika kichwa.

— Mumeona alilofanya? Sindano haitarudi tupu!

— Haitarudi, akasema Jamaldin. Na kwa mara ya kwanza tangu Rajabu, akacheka. Akamwomba Ngumbao amrudishie kimoja katika vile kumi na kimoja, ana sufuria anataka kubandika.

Winchi alikuwa bado anahesabu kwa vidole, uso umekunjamana.

— Lakini ngojeni, akasema. Msimamizi kataka mmoja akome. Hicho kikimalizika, kitahesabiwa kimetoka kwa nani?

Setilaiti akatazama juu angani, Jamaldin akatazama mikono yake. Ngumbao akainamisha dele juu ya kikombe changu, likatoa mashapo matupu, akaanza kuzima makaa.