Aliyelala na Viatu: Maisha ya Marehemu Marie Euralie Hippolyte wa Castries

Marehemu Marie Euralie Hippolyte, ambaye nusu ya mji huu ilimwita Ma Do na nusu nyingine Polisi wa Moto, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1919 hapa Castries, katika nyumba ya mbao karibu na bandari. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Felicien Charlemagne, fundi seremala, na marehemu Hortense, mbeba makaa. Miaka ile meli za bahari hii zilikuja Castries kula makaa ya mawe, na makaa hayo yalipanda melini juu ya vichwa vya wanawake. Hortense alirudi nyumbani mweusi tii, meno tu ndiyo yakionekana, na bintiye mdogo alimkimbilia hivyo hivyo. Hakumwogopa mama yake. Mengine yote aliyaogopa.

Bibi yake alikuwa na hatia, kwa sehemu. Jioni alimsimulia jinsi Wafaransa na Waingereza walivyonyang'anyana kisiwa hiki kama watoto na kikombe, na kwamba kila aliyeondoka aliacha kitu kinaungua. "Mji huu ni mkavu, mjukuu wangu," alisema. "Unangoja kiberiti tu." Mei 1927 kiberiti kikapatikana. Euralie alikuwa na miaka saba. Baba yake alimbeba hadi kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa kuu, akamweka juu ya sanduku la misumeno na randa, akamwambia, "Kaa hapa. Usitikisike hata kidogo." Akakaa. Cheche zilianza kuanguka kama mvua, watu wakakimbia, yeye hakutikisika, mpaka sanduku lilipoanza kufuka moshi chini yake. Ndipo akakimbia, peku, juu ya makaa yaliyotapakaa barabarani. Alama zilibaki nyayoni hadi wiki hii. Tangu mwaka ule, marehemu alilala na viatu.

Alisoma shule ya masista hadi darasa la sita. Alikuwa na mwandiko mzuri na sauti nzuri zaidi. Masista walimpenda, ila walichoka naye kwa sababu kila ibada ya jioni alitazama mishumaa badala ya altare. Alipotimiza miaka kumi na mitatu aliacha shule, akajifunza ushonaji. Alishona mchana tu. Jua likizama aliweka sindano chini, hata bwana harusi awe amesimama mlangoni anasubiri suruali, kwa kuwa hakutaka taa karibu na kitambaa.

Ndoa yake ililetwa na vita. Usiku mmoja wa Machi 1942 nyambizi ya Wajerumani iliingia hadi kwenye mdomo wa bandari yetu na kupiga meli mbili zilizofungwa gatini. Mji mzima ulitoka na nguo za kulalia. Euralie peke yake alitoka amevaa kamili, kofia kichwani, furushi mkononi, maana furushi lake lilikuwa tayari mlangoni siku zote. Kwenye kona akagongana na kitu cheupe tangu utosini hadi vidoleni. Akapiga yowe.

"Mzuka!"

"Mzuka gani anatoka jasho, dada? Mimi mwoka mikate."

"Na hilo sepetu unalikimbiza wapi?"

"Hata mimi sijui. Nilikuwa nalo, nikakimbia nalo."

Ndiye Theodule Hippolyte. Walifunga ndoa tarehe 25 Novemba 1944. Watu walicheka sana: mwanamke anayeogopa moto kuliko shetani kwenda kuishi juu ya tanuri! Alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo majirani wa Mtaa wa Micoud walilisikia kupitia ukuta kila usiku.

"Do, umefunika moto?"

"Nimefunika."

"Na jivu?"

"Nimelimwagia maji."

"Umelimwagia kweli?"

"Mke wangu, lala."

Kisha yeye mwenyewe alishuka kuangalia. Na kabla ya hapo, kila magharibi, alipita nyumba kwa nyumba kukagua majiko ya makaa ya watu. Walimtania, walimfukuza, na mara moja walimmwagia maji ya kunawia. Kesho yake alirudi.

Tarehe 8 Februari 1948 alijaliwa mtoto wake wa kwanza, Anselm, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya. Hapa dada yake, Verneta, alimwomba aruke aya. "Kaka, hayo utayasoma mbele ya padri na Chama cha La Rose?" Atayasoma. Mji mzima unayajua, na mama yetu aliyaogopa kuliko moto wenyewe. Si haki azikwe nayo.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Juni 1948, yapata saa mbili usiku. Theodule alikuwa na mikate ya Jumapili na ya harusi juu yake, mabeseni yote yamejaa. Donge la mwisho la unga alilifunga katika blanketi la mtoto, akalilaza kitandani, upande wa ukutani, ambako hakuna upepo, ili liumuke. Hapo ndipo mtoto alipolala kila siku. Mtoto mwenyewe alimhamishia kwenye kikapu cha nguo, chini ya meza. Alikusudia kumwambia mkewe akirudi. Mkewe alikuwa nje, anakagua majiko ya watu.

Kisha anga likawa jekundu. Theodule alitoka mbio na wanaume wengine kuchota maji bandarini, akiamini kwamba kama kuna mtu mmoja Castries atakayejua la kufanya, ni mke wake. Naye Euralie alijua. Alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo tangu siku alipojifungua: ngazi, mlango, hatua mbili, mkono ukutani. Aliingia gizani ndani ya moshi, mkono ukaenda ulipozoea kwenda, ukakuta uzito, ukakuta joto, ukakuta blanketi. Akakumbatia, akakimbia.

Walioukimbilia mlima wa Morne usiku ule wanajua alichokiona. Nyumba za mbao zilipasuka moja baada ya nyingine, maduka ya pombe yakalipuka kwa moto wa buluu, na mabati yaliruka juu yakigeuka geuka. Lakini hofu ya Euralie haikuwa nyuma yake. Ilikuwa mikononi. Mtoto halii. Moshi wote ule, kelele zote zile, na mtoto halii. "Nyamaza, mwanangu, tunafika," alimwambia aliyenyamaza. Hakuthubutu kufunua. Akiwa njiani alihisi furushi linasogea, akamshukuru Mungu. Baadaye akahisi linakua. Blanketi lilikaza, kitu laini chenye unyevunyevu kikamtokea kati ya vidole, naye akadhani ni damu. Alikaa juu ya mlima, macho yametazama mbele, mji unateketea chini yake mtaa kwa mtaa, na kile kitu kikimvimbia kifuani.

Kulipokucha jirani mmoja alimwambia, "Ma Do, mfunue mtoto apate hewa."

"Amelala."

"Mfunue, mama."

"Nimesema amelala!"

Yule jirani ndiye aliyefunua.

Wanaume watatu walimshika asirudi motoni. Aliwang'ata. Na wakati amelazwa chini, ameshikwa mikono, aliona jambo ambalo hakulisema kwa mtu miaka mingi. Watu walikuwa na njaa. Watoto wao walikuwa wanalia. Mtu akatafuta bati, mwingine akapanga mawe, na lile donge likamegwa, likaokwa, likaliwa. Hatuwalaumu. Unga ulikuwa mzuri, Theodule hakuwa mwoka mikate wa kubahatisha.

Jua lilipokuwa utosini alipanda mlimani Ma Zelima, mbeba makaa mwenzake marehemu Hortense, tenga lake kichwani juu ya ngata, sketi imelowa hadi kiunoni. Alipokuwa akikimbia aliisikia sauti chini ya meza ya watu, akaingia, akamtia mtoto kwenye tenga, akaenda kusimama baharini usiku kucha. "Nani kasahau mzigo wake?" aliita akicheka. Akamwona Euralie, akaacha kucheka. Mtoto alikuwa mweusi kwa vumbi la makaa na mzima kabisa. Mama yake hakumpokea mara moja. Alimtazama kwanza, kisha akawatazama wale watu, akasema, "Asijue. Nawaomba. Asijue kamwe." Wakaapa, midomo ikinukia mkate.

Castries ni mji wa umbea, lakini una heshima yake. Haukusema. Ulichofanya ni kumwita mtoto yule Tipen, yaani Kamkate, na yeye akadhani ni kwa sababu baba yake anaoka. Mji ulijengwa upya kwa zege. Wageni wanasema umeharibiwa, hauna sura. Marehemu alikuwa mtu pekee aliyeipenda zege kwa moyo wote. Alipita mitaani akipigapiga kuta kwa kiganja na kusema, "Hii sasa ni nyumba." Hata hivyo hakuuamini. Aliujua mji wake kama mke amjuavyo mume mlevi: mcheshi, mkarimu, mwimbaji, na siku moja atakuchomea nyumba.

Kwa zaidi ya miaka thelathini aliuza mikate dirishani na hakuila. Wateja walisema ni maringo. Katika Chama cha La Rose, chama chetu cha waimbaji, alikuwa Malkia kwa miaka mingi, na sauti yake ya sikukuu ya Agosti ilisikika hadi sokoni, alimradi mishumaa iwe mbali. Na kila mtu alipotaja mwaka 1948 mbele ya mwanawe, marehemu alipatwa na kikohozi. Alikohoa mpaka mazungumzo yakabadilika. Wanawe walidhani ana kifua.

Anselm alijua akiwa na miaka tisa. Mvulana mmoja shuleni, wakigombania gololi, alimwambia, "Mama yako aliokoa mkate, wewe akakuacha uungue!" Walipigana hadi damu. Kisha akaenda kwa Ma Zelima, ambaye wakati huo alikuwa mzee, anakaanga akra, vile vitumbua vya samaki, mlangoni.

"Ni kweli aliniacha?"

Ma Zelima aligeuza akra zake. "Mama yako alikimbia nawe mlima mzima, kakuombea, kakubembeleza. Ila hukuwemo. Sasa hilo kosa la nani? Kula hii, funga mdomo."

Akafunga mdomo, kwa miaka arobaini na tatu. Angeweza kumtua mama yake mzigo kwa neno moja. Lakini alikuwa ameuona ule uso kila mama yake alipoanza kukohoa, na yeye pia aliogopa.

Theodule alifariki mwaka 1981, kwa amani, baada ya kuulizwa kama amefunika na kujibu kwamba amefunika. Marehemu alianza kuugua miguu na shinikizo la damu mwaka 1997. Tangu Desemba iliyopita hakuweza kusimama. Madaktari walifanya waliloweza na familia inawashukuru. Alilala kitandani na viatu vyake, furushi lake mlangoni.

Jumamosi iliyopita, tarehe 11 Machi 2000, Bwana Fontenelle wa nyumba ya nyuma alichoma shelisheli uani, na upepo ukauleta moshi dirishani. Mwanawe alikuwa amekaa kando ya kitanda akisoma gazeti. Hakuona mama yake alivyoinuka. Aliona tu kwamba ameshikwa kifundo cha mkono, na kwamba mwanamke asiyeweza kusimama amesimama. Alimvuta. Alimpitisha kando ya furushi bila kulitazama, kando ya picha ya Theodule, kando ya msalaba. Alimshusha ngazi zote, mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mwenye kitambi, hadi katikati ya barabara. Majirani walitoka. Walianza kucheka, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Bwana Fontenelle alisimama na shelisheli lake mkononi, amefadhaika.

Marehemu alitazama alichokishika.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Sema jina lako."

"Anselm."

Akamgusa uso wote, masikio, pua, kama mtu anayekagua samaki sokoni. "Unajua?"

"Najua tangu nikiwa mtoto."

"Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unakohoa."

Alimpiga kofi dogo la shavu. Kisha akalia, na hakuuachia ule mkono. Walimpandisha juu hivyo hivyo, ameushika. Jioni aliomba kipande cha mkate. Alikimega, akakinusa, akakirudisha. Hakula. Si kila kitu hupona.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi, alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini. Alama za kucha zake bado zipo kwenye mkono ulioshika karatasi hii, na mwenye mkono hana haraka zipotee.

Ameacha watoto watatu: Anselm wa hapa Castries, Verneta aliyeko London, na Philomene aliyeko Cayenne. Ameacha wajukuu tisa, vitukuu wanne, Chama chote cha La Rose, na mtaa mzima ambao leo jioni hautakuwa na wa kuukagua. Tafadhalini, funikeni majiko yenu.

Wakati wa kumvika kulikuwa na ubishi kuhusu viatu. Verneta alisema azikwe navyo, kwani ndivyo alivyolala maisha yake yote. Wengine walikubali. Mwishowe mwanawe wa kwanza alipiga magoti akavifungua kamba mwenyewe, kimoja, kisha cha pili, na nyayo zake tukaziona sote, zile alama za mtoto wa miaka saba.

Tumemvua viatu. Hakuna moto, Mama, tumefunika. Lala.