Mzee Taratibu na Shokapu za Gari Kuukuu

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, ndugu yetu tunayemwita Mzee Taratibu anavua ovaroli kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia gereji hii kwa miaka thelathini na minne. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mtunza stoo, na mtunza stoo hujua mambo ya kila mtu. Tena wanaume walioombwa kabla yangu waliandika mstari mmoja mmoja, wakadai kalamu zimekauka.

Kwanza ijulikane kwamba hakuja hapa kutafuta kazi. Alikuja akiendesha lori la mafuta ya kupikia lililovunjika shokapu, vile vyuma vya kumeza mitikisiko, akaambiwa kifaa kimeagizwa, asubiri. Kukaa bure kukamshinda. Akaanza kwa kuwashikia mafundi spana, mara akaingia chini ya gari la mtu mwingine, mara akawa anawakosoa wenyeji. Siku kifaa kilipofika na lori likapona, tajiri wake alilazimika kutuma dereva mwingine aje alichukue, maana huyu wa kwanza alikuwa ameshatundika koti lake nyuma ya mlango wetu na hana habari.

Jina la Taratibu alilipata wiki ile ile. Nati iliyoshikwa na kutu, taratibu. Mteja anayefoka, taratibu. Hata moto uliposhika ndoo ya matambara, aliinuka akasema taratibu, akaenda kuuzima kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufunga dirisha. Na aliuzima kweli, ingawa sisi wengine tulikuwa tumeshafika barabarani na viatu mkononi.

Kona yake, ile ya kushoto chini ya bati linalopitisha mwanga, tunaiita hospitali ya miguu. Asubuhi jua huingia pale na vumbi lake jepesi, na yeye husimama katikati ya mwanga huo, kiganja juu ya madigadi, lile bati la juu ya tairi, macho kayafumba. Analikandamiza gari, analiachia, analisikiliza. Likipanda mara moja likatulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kunesa, zimechoka. Wakati mwingine alisimama hivyo kwa muda mrefu mpaka tukadhani amelala, na nina hakika mara moja au mbili alilala kweli.

Kazi zake ziko barabarani na zinatembea. Magari ya wagonjwa yaliletwa kwake kabla hayajapelekwa kwingine kokote. Muuza mayai wa jumla, ambaye kila safari alikuwa akifika sokoni na nusu ya mzigo ukiwa tayari kwa kukaangwa, aliacha kabisa kulalamika, na kwa kipindi kirefu sote hapa tulikula mayai mpaka tukayachukia. Mafundi waliopitia mikononi mwake leo wana gereji zao, na ukiingia katika gereji hizo utawakuta wamefumba macho juu ya madigadi kama yeye.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuivunja. Fundi aliyefunga shokapu haendeshi gari la majaribio. Anapanda kiti cha nyuma. Alisema anayeshika usukani huliona shimo kabla halijafika na mwili wake hujiandaa, lakini wa nyuma hupigwa bila taarifa, kwa hiyo ukweli wote wa gari uko nyuma.

Na alikuwa na ukaidi mmoja, nao nitausema, anisamehe. Hakutaka kabisa gari la zamani liwekewe kitu cha kisasa. Mtu akija na gari kuukuu akiomba shokapu mpya, alipewa kiti, akapewa chai, akapewa na mawaidha: gari limezeeka na miguu yake, liacheni nayo. Kuna daktari wa meno alirudishwa hivyo mara kadhaa. Mara ya mwisho aliondoka amenuna, gari linanesa mpaka linatoka getini.

Sasa, kaka yangu huyu naye ana gari lake. Namwita kaka, ananiita dada, tumeitana hivyo tangu nilipoajiriwa. Gari lenyewe ni la rangi ya krimu, taa za mviringo, lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tuliomo humu, na kiti chake cha nyuma ni kipana kama kochi la sebuleni. Shokapu zake za asili ni visanduku vya chuma vyenye mafuta ndani, kila kimoja na mkono wake ulioshika ekseli. Kaka alivifungua na kuvifunga tena mwaka hadi mwaka, akivibadilishia mafuta kwa upole, hata vilipoanza kuvuja kila upande.

Mwaka juzi mke wake, wifi yangu, aliteleza kwenye ngazi akaumia mgongo. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani amekonda, mwepesi kama shuka. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: awe amelala, miguu imenyooka, na gari lisimtikise. Wifi ana mdogo wake anayeishi mji wa milimani, mwendo wa siku nzima. Ndugu ni hao wawili tu waliobaki kwao. Macho ya mdogo mtu yamefifia, hawezi tena kusafiri, na kila jioni walikuwa wanaongea kwenye simu wakiulizana wataonana lini. Bosi alijitolea kutoa gari lake jipya. Likajaribiwa, viti vikamkunja wifi kama barua, akashushwa kabla hata injini haijawashwa. Kiti alichoweza kulalia kilikuwa kimoja tu, kile cha gari la krimu, na gari la krimu likipita juu ya jiwe moja linanesa mpaka la tatu.

Ndipo asubuhi moja Mzee Taratibu akaja kwenye dirisha la stoo, akainama, akaniuliza chinichini kama tuna shokapu za kisasa za kimo fulani. Nilimwomba arudie. Akarudia, bado chinichini. Nikamwambia nina masikio mabovu siku hiyo, aseme kwa sauti, na gereji nzima ikasikia. Tulimtania mpaka saa ya chakula. Mtu fulani, simtaji, alimpigia simu daktari wa meno, naye akaja akasimama mlangoni mikono kifuani, akitazama kazi kama mtu aliyelipia kiingilio.

Kazi ilikuwa safi. Hakukubali chesi, ile fremu ya chini ya gari, itobolewe hata tundu moja. Alimwelekeza fundi wetu wa kuchomelea atengeneze vishikio vya bamba nene vitakavyokaa kwenye matundu yale yale ya visanduku vya zamani, na shokapu mpya zikasimama hapo wima kama zimezaliwa nalo. Visanduku akavifuta, akavifunga katika kitambaa chenye grisi. Kisha tukafanya majaribio kwa kufuata kanuni: bosi kwenye usukani, na nyuma kaka mwenyewe, fundi wa kuchomelea na fundi rangi, wamebanana. Gari lilipita juu ya matuta kama linapita juu ya blanketi. Tukapongezana, tukanywa soda.

Jumapili akampakia wifi. Hawakufika hata kona ya pili. Wifi hakulalamika, si tabia yake. Alishika tu ukingo wa kiti na kuomba warudi nyumbani. Jumatatu kaka alikaa kwenye kona yake mikono mitupu, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Kosa letu lilikuwa la uzito. Nyuma tulipanda wanaume watatu walioshiba, na chini ya mzigo ule shokapu zililegea vizuri. Wifi alipolala pale peke yake, zikamkakamalia, kila kokoto likampiga kama ngumi. Kaka aliligundua hilo mwenyewe mnamo adhuhuri. Alikuja dirishani kwangu, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniuliza nina kilo ngapi. Hakuna mwanamume aliyewahi kuniuliza hivyo akabaki salama. Nilimjibu, kwa sababu ya wifi, na kumbe uzito wangu unakaribiana na wake.

Tukaagiza shokapu laini zaidi, za aina yenye pete chini ambayo ukiizungusha unakaza au unalegeza. Kuanzia hapo kila alasiri nilifunga stoo nikalala kwenye kiti cha nyuma, miguu imenyooka, yeye akaendesha. Kanuni yake aliivunja mwenyewe, kwa kuwa mwili wake ungetudanganya tena. Mwanzoni nilijua kusema mbaya na si mbaya tu. Hakutaka hayo. Alitaka nimwambie tuta limenifikia wapi, na polepole nikajifunza: hili limegonga kiuno, hili limepanda hadi shingoni, hili limeishia kwenye sponji. Anasimama, anaingia chini, anazungusha pete kidogo, tunaendelea.

Ukilala chali garini, mji unakuwa kitu kingine. Huoni maduka wala watu. Unaona nyaya, matawi, vibaraza vya juu vilivyoanikwa nguo, wingu linalokwenda nawe. Alasiri moja nilitazama matawi yakipita, nikamkumbuka marehemu mama yangu akinisuka nywele, vidole vyake vina harufu ya sabuni, nikawa niko pale miguuni pake kabisa. Kaka alipouliza kuhusu matuta ya reli, nilimuuliza reli gani. Tulikuwa tumeshaipita zamani. Kwake hilo lilitosha kuwa jibu. Aligeuza gari akanirudisha stoo, akaenda moja kwa moja nyumbani.

Jumapili iliyofuata akampakia wifi tena. Yaliyotokea alitusimulia Jumatatu, bosi na mimi, na mtu huyu wa neno moja alisimulia mpaka chai ikapoa. Walishika barabara ya kiwanda cha matofali, ile mbovu. Kila baada ya muda alimuuliza mkewe hali, naye akajibu njema, njema. Baada ya reli hakujibu. Akasogea pembeni, akageuka. Wifi alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, mkono unaning'inia. Tangu upasuaji usingizi wake ulikuwa wa kuibia, dakika chache kisha maumivu. Kaka alituambia wazi kwamba alilia.

Hakuzima injini, aliogopa kumwamsha. Akaendelea kuendesha bila pa kwenda. Alifika getini kwake akapita, akazunguka mtaa, akapita tena, na jirani aliyekuwa akimwagilia maua alidhani mzee amesahau nyumba yake. Alipita gerejini. Mlinzi akainua mkono kumsalimu kwa sauti, naye akaweka kidole mdomoni. Jua liliposhuka mpaka kwenye vioo, wifi aliamka, akajinyoosha, akauliza kama wamefika kwa mdogo wake. Kaka akamwambia bado.

Wapendwa, gari la krimu liko nje ya ukumbi huu, chini ya kivuli, na wifi yuko ndani yake kwenye mito yake. Wanaondoka hapa hapa sherehe ikiisha. Mdogo mtu ameshaambiwa, na habari tulizonazo ni kwamba tangu jana amekaa karibu na mlango. Kwa hiyo tunawaomba: asiwepo wa kupiga honi, asiwepo wa kugonga boneti, hotuba ziwe fupi. Daktari wa meno ataongea mwisho, na ameahidi kutotaja gari lake, ambalo nalo sasa linatembea vizuri.

Mzee Taratibu, asante kwa migongo yote uliyoihurumia bila kuwajua wenyewe. Asante kwa mayai. Kona yako tutaifagia. Tunakuombea uzee mwema na barabara laini, wewe na mwenzako, na safari hii wifi akiamka akauliza kama mmefika, umfungulie mlango.