Kipkirui na Gari la Wakwe

Tarehe thelathini Juni mwaka huu, Bwana Elijah Kipkirui anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya mapafu hapa Kitale kwa miaka ishirini na sita. Kwa wageni, Kipkirui ni mfuatiliaji wa wagonjwa: anahakikisha kwamba aliyeambiwa aje kupigwa picha amekuja, na aliyeambiwa arudi amerudi. Kwa sisi tuliomzoea, ni yule anayeimba kwenye korido kabla chai haijachemka, na anaimba vibaya.

Alianza na wagonjwa wa kifua kikuu. Tulipofungua uchunguzi wa saratani ya mapafu, akapata uwanja wake hasa. Gari la kliniki, yeye mwenyewe kwenye usukani, likawa linazunguka Bungoma, Ndalu na Malakisi kuwachukua watu waliovuta sigara miaka mingi na wasio na nauli ya kufika Kitale. Kuwaleta mara moja hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kuwarudisha. Ukiambiwa mapafu yako hayana neno, nani atakuamsha mwaka ujao? Na ukiambiwa kuna kitu cha kuangaliwa tena, ndipo unapozima simu kabisa. Kipkirui alikuwa na jibu moja kwa wote: "Picha ya kwanza ni salamu tu. Mazungumzo yanaanza ukirudi."

Huko Ndalu kuna mama aliyekataa kuja kwa sababu mahindi yake hayajapaliliwa. Kipkirui akavua koti, akashika jembe, akapalilia hadi saa sita mchana. Mama alikuja, akamaliza vipimo vyote, na mpaka leo anatutumia salamu akiuliza kama yule mtu amejifunza kupalilia.

Lakini kisa chenyewe ni cha Malakisi. Siku hiyo Mama Nakhungu, aliyevuta kiko tangu usichana wake, alikuwa ameshakaa ndani ya gari. Akaja Wakhungu, mkulima wa tumbaku aliyekuwa ametukwepa mara mbili. Akafungua mlango, akachungulia, akatimua mbio hadi nyuma ya kinu cha posho. Kipkirui akamfuata, akasimama pale akimhubiria kwamba mashine ya picha haiumi, na kwamba si kweli ati ukiingia kwenye lile tundu la mashine unatoka na ugonjwa ambao hukuwa nao. Wakhungu akamwacha amalize. Kisha akamweleza taratibu kwamba haogopi mashine. Yule mama ni mama mkwe wake.

Sisi Wabukusu tunaelewa. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, seuze kubanana kwenye kiti kimoja. Kipkirui, mtu wa Cherangany, alikuwa amewapangia viti viwili vilivyogusana.

Kipkirui akamtafutia bodaboda. Wakhungu akalifuata gari hadi Kitale kwa umbali wa heshima, akafika amejaa vumbi hadi kwenye nyusi. Pale kliniki alianza kuutazama mlango wa kutokea. Wakati huohuo Mama Nakhungu akatoka chumba cha picha, akifunga kitambaa chake kichwani kana kwamba ametoka kanisani. Mwanamume gani angetoroka baada ya hapo? Wakhungu aliingia. Mwaka uliofuata alirudi mwenyewe, na bodaboda yake ileile.

Tangu siku hiyo, kila mwanamume mwenye wasiwasi aliulizwa kwanza ameoa kwa nani. Tulicheka hadi mbavu zikauma, lakini watu walirudi.

Sasa, Kipkirui mwenyewe alivuta sigara kwa miaka mingi kabla ya kuacha, na kila tulipomwambia ni zamu yake alikuwa na udhuru. Gari lina kelele. Kuna mgonjwa anamngoja Bungoma. Alikuwa anaogopa, na mimi niliogopa kwa niaba yake, maana ningemuagaje mtu huyu bila kujua mapafu yake yakoje? Mwezi wa Mei nilimpigia mke wake, Jelimo. Asubuhi iliyofuata Kipkirui alifungua mlango wa gari na kumkuta Gogo Jepkoech, mama yake Jelimo, amekaa kiti cha mbele na mkoba mapajani.

"Nimeacha ng'ombe hawajakamuliwa," Gogo akasema. "Twende."

Kipkirui alipigwa picha. Daktari aliona doa dogo kwenye pafu lake. Amesema madoa mengi ya namna hiyo huwa si kitu, lakini lazima lipigwe picha tena baada ya miezi sita. Kipkirui ameturuhusu kuyaandika haya, mradi tusiseme kwamba alitetemeka. Hatusemi.

Kwa hiyo, ndugu yetu, asante. Asante kwa vumbi la Malakisi, kwa mahindi ya Ndalu, kwa watu wengi wanaopumua vizuri leo kwa sababu uliwasumbua. Wewe na Jelimo tunawatakia maisha mema, marefu na yenye maziwa mengi. Funguo za gari utazirudisha, lakini kiti cha nyuma ni chako asubuhi ya Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Ile ilikuwa salamu tu. Na cha mbele usikiulizie, Gogo ameshakichukua.

Nabwile, muuguzi, kwa niaba ya wenzako wote