Kilo za Cherehani

Mbele ya duka la Fundi pana benchi lenye miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali. Kila asubuhi hukaliwa na watu wale wale. Kinyozi hukaa katikati, maana chupa ya kahawa ni yake, na mwenye chupa haambiwi anyamaze. Kulia kwake hukaa Rubani, aliyewahi kufuta vioo vya uwanja wa ndege na hajapanda ndege hata siku moja. Kushoto ni Mizani, mnunuzi wa vyuma chakavu. Jina hilo alipewa na wale aliowapimia, na hawakumpa kwa mapenzi. Fundi mwenyewe hukaa hatua moja ndani ya mlango, nyuma ya cherehani yake, tepu shingoni, akikanyaga na kusikiliza. Mambo mengi makubwa ya dunia yameamuliwa hapo, na dunia haijapata habari.

Wiki hiyo kulikuwa na jambo moja tu. Binti pekee wa Fundi alikuwa amemkatia tiketi aende akaishi naye ng'ambo. Nguo zake ziliingia kwenye sanduku na nafasi ikabaki. Iliyobaki nje ilikuwa cherehani. Mkewe, marehemu sasa, alikuja nayo siku alipoolewa, na yeye ndiye aliyemfundisha Fundi kushona, kiwanda alichofanyia kazi kilipomfungia mlango. Alimpiga vidole kwa rula hadi pindo likanyooka. Benchi zima lilijua habari hiyo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia aiache. Walimwambia mengine yote.

— Uzito si tatizo, alianza Rubani. Tatizo ni wapakiaji. Wanarusha mizigo. Nimewaona kwa macho yangu, kupitia kioo nilichokuwa nakifuta.

Kinyozi akauliza kama wakati huo kioo kilikuwa kimeshatakata. Rubani hakumjali. Alieleza kwamba cherehani itiwe kwenye sanduku la mbao, izungushiwe sponji, na juu yake iandikwe kwa herufi kubwa: MAYAI. Hakuna mtu anayerusha mayai.

— Mayai gani yanabebwa na watu wawili? aliuliza Kinyozi.

— Nani atauliza? Wakishapakia wameshapakia.

Kinyozi alikuwa na njia yake, na aliinywea kahawa kwanza. Cherehani ifunguliwe yote, gurudumu peke yake, mkono peke yake, skrubu peke yake. Kisha Fundi ajishonee koti refu lenye mifuko kila mahali na aingie ndegeni amelivaa. Mzigo unapimwa, mtu hapimwi, na huko kuna baridi, nani atamshangaa mzee mwenye koti?

— Koti atalishonea nini, wakati cherehani imo mfukoni? aliuliza Mizani.

Kinyozi alifikiri, akajibu kwamba koti litangulie kushonwa. Rubani akataka kujua itakuwaje kifungo kikikatika njiani. Walibishana juu ya kifungo hicho mpaka kahawa ikapoa vikombeni.

Fundi alicheka pamoja nao, lakini cheko lake lilikuwa la mdomoni tu. Kuna kitu hakuwa amewaambia. Binti yake alipompigia simu alisema, "Baba, usijisumbue na mizigo. Huku kila kitu kipo." Alisema kwa upendo, na Fundi aliusikia upendo huo. Lakini tangu siku ile maneno yenyewe hayakumtoka kichwani. Kama kila kitu kipo, yeye anakwenda kuwa nani? Hapa akitoka nje watu humwita Fundi kabla hajafika kwenye kona. Kule atakuwa baba wa mtu, anayeonyeshwa kiti, anayeulizwa kama ameshiba. Akiwa na cherehani atapata pa kukaa asubuhi. Ndiyo maana aliwaacha wenzake wabishane wapendavyo. Wakiendelea kutafuta njia, yeye halazimiki kuuliza.

Mizani ndiye aliyesema kwamba maneno matupu hayapandi ndege, lazima kilo zijulikane. Akaenda kwake akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ile anayonunulia vyuma. Waliifunga juu ya mlango, Fundi akaing'oa cherehani kutoka mezani pake, wakaipitishia kamba na kuitundika. Ikazunguka polepole, kisha ikatulia. Mshale ulisimama chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa kwenye tiketi.

— Si hiyo? alisema Mizani. Inakwenda, na nafasi ya viatu ipo.

Hakuna aliyeshangilia. Kinyozi aliutazama mshale kama anavyomtazama mteja anayedai hana mvi.

— Mzee mwenzangu, alisema, hii ndiyo iliyopima geti langu nilipokuuzia?

— Ndiyo.

— Basi ongeza kilo tano.

Rubani akasema tano ni heshima tu. Yeye aliwahi kuleta mabati, akarudi nyumbani akifikiri labda ameota kuwa na paa. Aongeze kumi. Kinyozi naye, alipolikumbuka geti vizuri, akapanda hadi kumi na mbili. Kila mtu aliongeza kadiri ya uchungu wake, na kwa muda mfupi cherehani ya Fundi ikawa nzito kuliko injini ya lori. Mizani aliapa kwamba mizani haina kosa, ikizeeka huwa inachoka tu, kama watu. Kisha, kwa kuwa alikuwa amebanwa, akashambulia upande mwingine. Akamwambia Fundi kwamba uwanjani watamtaka ataje thamani ya mzigo, na thamani ya chuma inajulikana, hata sasa anaweza kumtajia.

— Unaimezea mate, alisema Rubani. Tangu Jumatatu unaimezea mate.

Fundi hakupenda mzaha huo. Aliingia ndani akajifanya anatafuta mkasi.

Rubani aliona hali imeharibika, akaleta njia ya mwisho, aliyokuwa ameificha. Kiti cha magurudumu cha mgonjwa hakilipiwi. Fundi aje na kiti, akae, alegeze shingo. Cherehani ifungwe chini ya kiti kwa boliti, ifunikwe blanketi. Kinyozi akauliza vipi daktari wa uwanjani akitaka kumpima miguu. Rubani akasema miguu ya Fundi imekanyaga cherehani miaka yote hiyo, daktari yeyote akiiona atamhurumia.

Wakati huo ndipo alipofika mama mmoja muuguzi wa zahanati, mgeni mtaani, na gauni lake la kazini mkononi. Lilikuwa refu, alitaka likunjwe. Akaikuta cherehani inaning'inia mlangoni na wazee watatu wameizunguka. Akauliza imefanya nini. Walimweleza wote kwa pamoja: mayai, koti, kiti, kilo, binti, ng'ambo. Alisikiliza hadi mwisho, kama mtu aliyezoea wagonjwa wanaoanzia mbali.

— Na huyo binti amesema anaitaka?

Rubani akamtazama Kinyozi. Kinyozi akaiinamisha chupa juu ya kikombe chake. Hakikutoka kitu. Wote wakamgeukia Fundi, aliyekuwa amerudi mlangoni.

— Sijamuuliza, alisema Fundi. Aliniambia kila kitu kipo. Nikimuuliza atanijibu. Naogopa kwenda kukaa kwa mwanangu kama mgeni asiyeondoka.

Mizani ndiye aliyenyanyuka. Alifungua kamba, akaipokea cherehani kifuani kwa mikono miwili, yeye ambaye kila kitu hukitupa juu ya lundo, akairudisha mezani na kuhakikisha haitikisiki. Fundi akavuta mkanda kwenye gurudumu, akatunga uzi, akanyoosha mkono apewe gauni. Alikunja pindo huku mama muuguzi amekaa benchini anasubiri.

— Nenda, Fundi, alisema Mizani. Hii itakaa kwangu. Siipimi.

Fundi alifika mwisho wa pindo kwanza, akakata uzi. Kisha akafungua droo, akatoa kichupa cha mafuta, akamwita Mizani asogee.

— Tone moja hapa. Moja hapa. Usizidishe, itachafua nguo.

— Nguo ya nani? Mimi sishoni.

— Usizidishe tu.

Mizani alikipokea kichupa, akarudia kuonyesha kila tundu kwa kidole ili asikosee. Kinyozi, kwa kuona vifaa vinakabidhiwa, akanyoosha mkono kuitoa tepu shingoni mwa Fundi iwekwe pamoja navyo. Fundi akaikamata.

— Hii haina kilo, alisema. Nakwenda nayo.