Kikapu Kilichobaki Garini

Hapana, Delbert, kikapu hakiuzwi, si kwa dola mia nane wala kwa elfu nane, kaa chini, nimekusikia hapa kaburini ukininong'oneza, "Mjomba, soma upesi, watu wanaganda kwa baridi," basi nasoma, shule sikumaliza lakini karatasi hii nimeiandika mwenyewe, na jina la marehemu dada yangu halimo, kwa sababu akiitwa atageuka arudi, nami naogopa kama ninyi nyote.

Dada yetu alizaliwa hapa kijijini Cibecue tarehe 14 Machi 1941, mwaka 1948 akapelekwa shule ya bweni ya Wazungu, wakamkata nywele, akatoroka mara mbili, akarudi mwaka 1954 akijua kushona na kunyamaza. Tarehe 2 Julai 1955 alichezwa ngoma yake ya kuvunja ungo ya siku nne, akapakwa chavua ya mafunjo, ule unga wa manjano wa baraka, na mama yetu akamsukia kile kikapu cha kubebea kuni mgongoni, chenye vikengele vya bati kwenye nyuzi za ngozi. Alipika katika kambi ya wachunga ng'ombe miaka ishirini na sita, aliolewa na Orson Cosay tarehe 9 Juni 1962, wakapata watoto wanne, wawili wako hai, na Delbert ndiye kitindamimba. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2011, zikammaliza Jumatatu tarehe 4 Februari 2019 alfajiri.

Jumanne tulichoma nguo zake, kitanda na nyumba, kama inavyotakiwa, lakini kikapu, kinachopaswa kuzikwa naye, hakikuonekana, nikamuuliza Delbert, akacheka, "Mjomba, kuna mnunuzi wa mjini Phoenix anayekitolea dola mia nane, na marehemu habebi tena kuni." Tangu siku hiyo binti wa Delbert, Lenora, hapati pumzi, anashika koo akisema bibi yuko mlangoni, na leo asubuhi nimepita karibu na gari la Delbert, vioo vimefungwa, upepo hakuna hata wa kutikisa jani, nikasikia vikengele vikilia ndani. Dada hana ubaya, anafuata kilicho chake, na akikifuata huondoka na aliye karibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa mashine ya figo, majirani mlioleta kuni na mchuzi wa mbegu za mwaloni, na wapishi wenzake wa kambini.

Dada, pumzika, nenda moja kwa moja, usitutazame.

Delbert, kaburi liko wazi na mtoto wako anahema. Leta kikapu.